Vidole vya Sekela

Marekebisho ya sheria ya vyuo yalifuta kozi mia moja na arobaini, na kila aliyesoma kozi iliyofutwa alitakiwa kurudisha alichofundishwa. Atupele alikuwa amesomea lugha ya alama. Asubuhi hiyo alikalishwa kwenye kiti cha Baraza la Vyuo, akavalishwa kofia yenye nyaya.

"Haiumi, dada," alisema karani. "Jana nimemwondolea mzee mmoja falsafa yake yote, akatoka hapa anapiga mluzi."

"Binti yangu ni kiziwi, kaka yangu. Ana miaka minne, hajui hata kuandika jina lake. Tunaongea kwa mikono tu."

Karani aliitazama fomu, akajikuna shingo. "Ungejifunzia nyumbani, sheria isingekugusa. Lakini wewe ulifundishwa chuoni." Akabonyeza kitufe taratibu, kama anayeomba radhi.

Mchana Atupele alifika nyumbani. Sekela alimkimbilia mlangoni, vidole vikienda mbio. Atupele aliviangalia vile vidole alivyovifundisha mwenyewe, kimoja kimoja, na sasa havikumwambia kitu. Mtoto akasita, kisha akarudia polepole, macho yake yakiuliza.

Atupele hakutaka mwanawe amwone ameduwaa. Akatabasamu, akaitikia kwa kichwa: ndiyo.

Sekela akarudi nyuma hatua moja. Mikono ikamshuka, akaanza kulia. Mama yake akamvuta kifuani na kumkumbatia kwa nguvu, bila kujua amekubali nini.