Nusu Kikombe

Sembuche, karani wa mahakama, aliona aibu kutaja alichokuwa akitafuta. Alimuuliza muuza maandazi, "Mkutano uko wapi?" Yule mama akamwonyesha mlango wa chekechea bila hata kuuliza mkutano gani.

Hilo lilimuudhi. Ndani aliudhika zaidi: watu wazima wanane waliokuja kusaidiana kuacha pombe, wamekaa kwenye viti vya watoto, magoti juu kama vyura, na mwenyekiti wao fundi viatu! Walevi watupu, aliwaza, akabaki amesimama.

Mwanamke mmoja alimmiminia chai ya maziwa, nusu kikombe. Vya wenzake vilikuwa vimejaa.

"Mimi ndiye wa kupewa nusu?"

"Wageni wote tunawaanzia nusu, bwana."

"We mama, jaza!"

Akajaza mpaka ukingoni.

Sembuche akakinyanyua. Chai ikamwagika, ikamlowesha mkono wote wa shati, naye akakirudisha mezani kwa kishindo. Wale wengine wakageukia ukutani, wakawa wanasoma herufi za watoto kwa makini sana. Mwanamke akafuta meza, akajaza tena, kama alivyoagizwa.

Sembuche akavuta kiti kidogo, akakaa, mikono ameibana katikati ya mapaja. Mbele yake kikombe kilianza kushika utando.