Kufuli la Bi Mwenyekiti

Katika kamati zote za wenye nyumba mjini, hapakuwa na mwenyekiti aliyeogopwa kama Bi Mize. Haya, kuogopwa ni neno kubwa. Mtaa wake ulikuwa na nyumba tisa, na hata kuku walimkatiza njia.

Asubuhi hiyo alikuwa amechoshwa na kesi za taka, mitaro na mbuzi wa Shamte. Akatia kufuli kubwa nje ya mlango wa mbele, akazunguka, akaingia kwa mlango wa uani anywe chai kwa amani.

Hata hajapiga funda la pili, majirani wakaja. Walipoona kufuli wakajibwaga barazani kumsubiri. Bi Mize akakaa, akainuka, akakaa tena, chai inapoa.

"Huyu kila siku hayupo," alisema Shamte. "Tumweke Bi Mchanga hapa awe mwenyekiti."

"Afadhali," jirani mwingine akadakia. "Yeye mstaarabu."

"Mstaarabu gani!" Bi Mize akafoka kutoka ndani. "Maji machafu njiani si yake?"

Macho yote yakageukia kufuli.

"Shoga," Bi Mchanga mwenyewe akaita taratibu, "umerudi saa ngapi?"

"Ndiyo kwanza nafika," alijibu Bi Mize, kikombe mkononi, na nje kufuli likaning'inia, limefungwa vile vile.