Tandiko la Baba

Nilipochana nailoni, nikakuta tandiko la farasi la marehemu baba limeota ukungu wa kijani, kama mkate uliosahauliwa kabatini.

"Nani huyu mjanja aliyelifunga hivi?" nikafoka. "Ngozi inataka hewa! Baba angemlaza zizini na farasi."

Mama, aliyesimama mlangoni, hakucheka.

Nikachanganya siki na maji, nikachovya kitambaa, nikakikamua. Mbele ya kiti cha tandiko, ngozi ilikuwa imebonyea pale baba alipozoea kubana kidole gumba akipanda. Nikaweka changu. Kikapwaya.

"Ni mimi," mama akasema taratibu. "Nilitaka harufu yake isitoke."

Nikainama, nikanusa. Chini ya uvundo wa ukungu, kwa mbali sana, baba alikuwepo: jasho, tumbaku na yale mafuta aliyokuwa akipaka ngozi kila Jumapili huku akipiga mluzi. Siki mkononi mwangu ilikuwa tayari inanichoma pua.

Mama akaja, akanishika mkono wenye kitambaa.

"Anzia upande ule, mwanangu," akasema, akilaza shavu lake juu ya ngozi. "Huu niachie kidogo."