Mchanga Unakusubiri

Toroli lilikuwa linashuka, na kengele haikulia.

Limi alikuwa kwenye kigoda chake katikati ya mlima, pembeni ya mtaimbo unaobadilisha njia ya reli. Kazi yake ilikuwa nyepesi kuliko zote machimboni. Wenzake walisema analipwa kwa kukaa. Dereva wa toroli akiwa na breki, anagonga kengele mara tatu. Limi anavuta mtaimbo, toroli linashika njia ya kulia, linateremka taratibu hadi kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe. Kengele isipolia, Limi hagusi kitu. Reli yenyewe imelala kushoto siku zote, na kushoto kuna lundo la mchanga, kubwa kama nyumba, la kumeza toroli lililomshinda mtu.

Waya wa breki ya Cornel, dereva mwingine, ulipokatika mwaka jana, alitoka mchangani anapiga chafya, akauliza kama uji umebaki.

Lundo hilo ndilo pekee lililobaki mlimani. Mengine yalizolewa na malori ya Katoro, maana siku hizi hata mchanga ulioshaoshwa ukatolewa dhahabu una wanunuzi. Mzee Pantaleo alibomoa sakafu ya choo chake, iliyojengwa kwa mchanga huo, akaiuza.

Muda mfupi tu kabla toroli halijaanza kushuka, walikuwa wanacheka. Wema, mchumba wa Luka, mtoto wa Limi, alikuwa amempandishia mama mkwe wake ndoo ya uji. Harusi ilikuwa Jumamosi. Kule chini, kando ya karasha, wanawake wanaoponda mawe walikuwa wameacha nyundo ili wapate kutania vizuri.

"Ng'ombe kumi wa mahari, mkwe!" mama yake Wema alipaza sauti. "Mjane wa kukaa tu! Hicho kigoda kinazaa?"

"Kinazaa," Limi akamrudishia. "Panda ukikalie uone."

"Na hilo turubai juu ya lundo?" mwingine akadakia. Turubai lilitokea wiki iliyopita, machimbo yalipofungwa kwa msiba. "Mchanga nao unaogopa mvua siku hizi?"

"Ukilowa unakuwa sakafu," Limi alijibu. "Mnataka mwanangu aangukie sakafu?"

Wakacheka. Kisha kule juu waya ukalia kama mjeledi.

"Mama, umekatika," Wema alisema. "Ni zamu ya Luka."

Limi alisimama. Mikono yake miwili ikashika mtaimbo.

"Usiguse!" Wema aliiachia ndoo akamkamata. "Ukivuta linakwenda chini! Mama yangu yuko kule, wote wako kule!"

Limi alitazama chini. Wanawake kumi na watatu, wawili wana watoto mgongoni. Walikuwa wamesimama, lakini hakuna aliyekimbia. Walijua toroli lisilogonga kengele haliendi kwao.

Alitazama juu. Shati jekundu la Luka lilikuwa limeshaonekana.

"Ruka!" alipiga kelele. "Luka, ruka!"

Wema alimshangaa. "Aruke kwenye mawe haya? Si wewe uliyemfundisha, mama?"

Ni yeye. Alimfundisha siku yake ya kwanza ya kazi, akamrudisha nyuma mara tatu hadi akariri: breki ikikataa, usiruke; kaa chini, shika ubao, mchanga unakusubiri.

Luka alimwona mama yake. Akainua kidole gumba, akakaa chini.

Limi aliachia mtaimbo, kidole kimoja baada ya kingine. Hakusikia uchungu, hakusikia hofu. Aliona uji unatambaa kwenye kokoto, akawaza kwamba jua likiupiga utanata, na ndoo itakuwa ngumu kuosha.

Toroli liliwapita na upepo uliopandisha khanga zao. Likakata kushoto, kama inavyotakiwa.

Chini vigelegele vikapaa. Wema naye akapiga, akamkumbatia mama mkwe wake, akimtikisa kama mtu anayemwamsha. "Umeona? Umeona, mama?"

Limi hakuangalia kushoto. Aliangalia ng'ambo, bondeni, kwenye zizi la kina Wema. Mchanga wote aliouuza ulikuwa kule, hadi koleo la mwisho, una pembe na unacheua. Chini ya turubai kulikuwa na mabua ya mahindi, aliyoyapanga kwa mikono yake mwenyewe, na nyuma ya mabua, mwamba.