Kivuli cha Turubai

Siwema alitaka mumewe apate pa kupumzikia, mbele ya nyumba penye upepo. Alifunga turubai kutoka paani hadi kwenye nguzo, akatandika mikeka, akapanga mito na vyungu vya mirehani. Chai ya mdalasini ilikuwa tayari.

"Baba Salha, toka basi uone!"

Kabla hajajibiwa, jirani yake Bi Zamoyoni aliingia amejitanda khanga, akavua ndala, akaketi mkekani na kunyoosha miguu.

"Pole, mwenzangu. Mbona hamkutupa habari?"

"Habari gani?"

"Nimeona turubai na mikeka, nikajua pana msiba."

Siwema alicheka hadi akashika mbavu. "Msiba wa nani, jamani! Hapa pa kupunga upepo tu. Baba Salha, njoo wakuone, wenzio wameshakuzika!"

Pazia la mlangoni lilipepea, likatulia. Wanawake wengine wawili walikuwa wanavua viatu kimyakimya.

"Baba Salha?" Safari hii sauti ilimtoka nyembamba.

Ndani hapakujibu mtu. Bi Zamoyoni alijivuta taratibu pembeni, akamwachia Siwema nafasi katikati ya mkeka.