Gari Lisilonguruma

Mtu huchaguaje gari la safari ambazo bado hajazisafiri? Bi Siwatu alijiuliza hivyo wakiingia kwenye duka la magari. Mumewe, Mzee Chande, alikuwa amestaafu udereva wa lori, na sasa walitaka kuizunguka nchi pamoja kwa mara ya kwanza.

Walianza kujaribu gari la petroli. Mzee aliinamisha kichwa akaisikiliza injini bila kutamka neno, kama ilivyokuwa desturi yake ya miaka thelathini. Bi Siwatu alitazama dirishani, akihofu kwamba safari zote zingekuwa hivyo.

"Hili zima," mzee alisema waliporudi. "Na fundi wake yupo kila mji."

Kisha wakapanda la haibridi, linalotumia petroli na umeme. Mzee alibonyeza kitufe mara tatu.

"Kijana, limekufa hili."

"Limewaka, mzee!" Faraji, muuzaji, alicheka kutoka kiti cha nyuma. "Unaliwasha na kulizima mwenyewe."

Likaondoka kimyakimya. Mzee alitega sikio, akakosa cha kusikiliza, na baada ya kona mbili akaanza kuzungumza. Alisimulia bonde ambalo ukungu hulala ndani yake hadi saa nne, na korongo alimokwama siku mbili, akiletewa uji na mama asiyemjua. Bi Siwatu hakuwahi kuyasikia hayo.

Walipoegesha, mzee alitikisa kichwa. "Mama Nuru, gari lisilonguruma utajuaje linaumwa?"

"Likiumwa litawasha taa, Baba Nuru. Wewe endelea kusimulia." Akamgeukia Faraji. "Tunachukua hili la haibridi."