Gari la Buluu Lisilo na Namba

Buti la gari lilikohoa.

Eliakim aliganda, bisibisi mkononi, kichwa chini ya boneti. Alijiambia ni ekzosi. Kisha buti likakohoa tena, kikohozi kikavu cha mtu.

Mwenye gari alikuwa amesimama kwenye lango la gereji, akichungulia barabara inayotoka Kitale mjini. Alikuwa mtu wa makamo aliyevuta kofia hadi kwenye nyusi. Alifika saa mbili asubuhi na gari la turbo la miaka ishirini, vioo vyeusi, namba zimeng'olewa mbele na nyuma.

"Fundi, hii kitu imekataa mlima," alisema. "Kwa tambarare inaenda, ikiona mlima inakufa. Nataka tu inifikishe Bungoma. Niko na mzigo lazima ifike leo."

Shida ilikuwa upepo. Paipu nene ya mpira inayopeleka upepo wa turbo kwenye injini ilikuwa imepasuka upande wa chini, na kila turbo ilipopuliza, nguvu yote ilivujia hapo. Kapaipu kembamba kanakoipimia turbo upepo wake nako kalikuwa kamekauka na kufanya nyufa. Eliakim alibadilisha zote mbili, akabakisha kukaza. Hapo ndipo buti lilipokohoa.

Eliakim si shujaa. Ni mtu wa kubadilisha njia akiona mbwa, hata awe amefungwa. Mwezi uliopita, gari kama hilo lilimchukua Kipkemei, mwana wa jirani yake Jelagat, mchana kweupe nje ya kinyozi, kwa sababu ya maneno aliyoandika mtandaoni dhidi ya serikali. Eliakim aliona yote. Alijifanya anafunga kamba za viatu. Hadi leo Kipkemei hajulikani aliko, na Eliakim hupita nyuma ya nyumba ili asikutane na mama yake.

Mwenye gari akavuka barabara kwenda dukani. Ufunguo aliuacha ili injini ijaribiwe. Eliakim aliuchukua, moyo ukimpiga hadi masikioni, akafungua buti na kuliinua kidogo tu.

Aliona macho. Kijana wa miaka ishirini hivi alikuwa amejikunja humo, midomo imepasuka kwa kiu.

"Kijana, nani amekuweka hapa?" Eliakim alinong'ona.

Kijana alitikisa kichwa kwa nguvu, macho yamemtoka, kisha akanyoosha mkono na kulivuta buti likajifunga.

Wamemtesa mpaka anaogopa hata kuokolewa, Eliakim aliwaza, na jasho baridi likamtiririka mgongoni.

Mwenye gari alirudi na mkate na chupa mbili za maji. "Imeisha?"

"Imebaki kukaza."

Lakini hakukaza. Klipu ya ile paipu nene aliilegeza mizunguko mitatu. Kwenye tambarare ingeshikilia. Kwenye mlima, turbo ikipuliza kwa nguvu, paipu ingechomoka na injini ingezima papo hapo. Na mlima wenyewe ulikuwa baada ya daraja la Kamukuywa, ambako shemeji yake Levi ni mwenyekiti wa bodaboda.

"Mungu akubariki, fundi," yule mtu alisema, akimshika mkono kwa mikono yake yote miwili. Gari lilipoondoka, Eliakim alinawa kwa sabuni, kisha akapiga simu.

"Levi, kuna gari ya buluu inakuja, haina namba. Itazima hapo kwa mlima. Kuna kijana kwa buti. Msikubali iende."

"Ati kwa buti? Leo watatutambua!"

Akakaa juu ya tairi kuukuu akingoja. Kila gari lililopunguza mwendo nje lilimkata maini. Wangejua ni yeye aliyelegeza. Wangerudi. Alimfikiria mkewe, akafikiria kufunga gereji na kukimbilia kwao Matulo siku hiyohiyo. Aliomba, akasahau maneno, akaanza tena.

Simu iliita saa sita kasoro.

"Shemeji! Imezima vile ulisema!" Levi alipiga kelele. "Tulikuwa watu kama mia. Tumefungua buti, kijana ako mzima!"

Eliakim alilia mbele ya wateja wake bila haya. Leo jioni, aliamua, atapita mbele ya mlango wa Jelagat.

"Mpeleke kwako umpe chai," alisema, "mpaka tupate watu wake."

"Hao walishakuja, bana. Vijana walirusha video, hata nusu saa haijaisha wajomba zake wawili wakafika na gari nyeupe. Watu wa heshima, suti safi. Kijana alikuwa anapiga nduru, anatushika mashati akikataa kuenda, nafikiri ni mshtuko. Tukawasaidia kumwingiza. Wametushukuru sana."

"Na yule mshenzi aliyekuwa anaendesha?"

Nyuma ya Levi mtu alikuwa akiomboleza.

"Huyo tumempiga, hata hakujikinga. Ameketi hapa kwa barabara analia tu, ati mwanangu, mwanangu." Levi akashusha sauti. "Na shemeji, wamefanana."